Binti wa mama mfua nguo katika nyumba kubwa ya opera



Kuna ulizo linalorudi kila mara katika mikutano ya vikundi vyetu. Mtoto mwenye sauti nzuri, tumsaidie namna gani? Minervali yenyewe inatushinda, sasa pesa ya mwalimu wa kuimba tuitoe wapi? Tena, kuimba ni kazi? Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba kuimba ni kwa kanisa, kwa arusi na kwa kilio, na kwamba mwanamke anayekula kwa sauti yake ni mwanamke wa baa. Wiki hii hatutatoa shauri kwanza. Tutaeleza maisha ya Marian Anderson, mwimbaji mweusi wa Marekani, kwa sababu ndani yake mambo hayo yote yamo: mama mjane, masomo yaliyokatika, mlango uliofungwa usoni, na watu wa mapato madogo walioweka sarafu zao pamoja kwa ajili ya mtoto mmoja.

Kwanza neno opera, kwa wale wasiolizoea. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote yanaimbwa, huku orkestra kubwa ikipiga chini ya jukwaa. Nyingi ziliandikwa kwa Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa. Mwimbaji hapewi mikro. Sauti yake peke yake inapaswa kupita juu ya violini na tarumbeta zote hadi imfikie mtu aliyeketi nyuma kabisa, katika ukumbi wa watu zaidi ya elfu tatu. Kupiga kelele hakuwezi kufanya kazi hiyo. Ni pumzi, ni namna ya kufungua koo, ni miaka ya mazoezi ya kila siku, tena na lugha ambazo mama yako hakukufundisha.

Marian alizaliwa tarehe 27 Februari 1897 katika mji wa Philadelphia, binti wa kwanza kati ya watatu. Wadogo zake ni Alyse na Ethel. Baba yao, Papa John, aliuza barafu na makaa ya mawe. Mama yao, Mama Anna, alikuwa amefundisha shule kule Virginia kabla ya kuolewa, lakini alipofika Philadelphia hakuruhusiwa kufundisha kwa sababu hakuwa na diploma kamili. Ni wangapi kati yetu wanaoijua hali hiyo! Una akili, ulifundisha watoto wa watu, karatasi moja inakosekana, basi unajikuta unauza makala barabarani.

Aliyeshika mkono wa mtoto huyu mapema ni shangazi yake, dada ya baba, Shangazi Mary. Yeye alikuwa mtu wa kwaya katika kanisa la Union Baptist, na alimwingiza Marian katika kwaya ya watoto alipokuwa na miaka 6. Sauti ya mtoto ilishangaza: ilikuwa nzito na ya chini, ile wanayoita kontralto, lakini iliweza pia kupanda juu. Mwimbaji mmoja akikosa, Marian alijaza nafasi yake, hata kama ni sehemu ya wababa. Shangazi akawa anampeleka huku na huku kwenye sherehe za mtaa, anaimba nyimbo mbili tatu, analipwa senti 25 au 50. Tunampenda huyu shangazi. Katika jamaa nyingi ndiye anayeona kipaji cha mtoto kabla ya wazazi, kwa kuwa wazazi wanatazama sufuria.

Alipokuwa na miaka 8, baba alinunua piano ya zamani. Pesa ya mwalimu haikuwepo, kwa hiyo mtoto alijifundisha mwenyewe. Alitamani pia violini, akaosha ngazi za nyumba za majirani, akaweka akiba senti kwa senti mpaka akainunua.

Kisha Papa John akaumia kichwani kazini, akafa. Marian alikuwa na miaka 12. Mama Anna akabaki na mabinti watatu, akahamia nyumbani kwa wakwe zake. Hakurudi kwenye ubao wa shule. Alifua nguo za watu, akazileta nyumbani kwa mafungu, akapiga pasi, akarudisha. Baadaye akapata kazi ya kusugua sakafu katika magazini kubwa ya Wanamaker katikati ya mji. Marian naye alipomaliza shule ya msingi, mwaka 1912, jamaa haikuwa na uwezo wa kumpeleka mbele. Masomo yalikatika hapo.

Hapa ndipo tunataka tukae kidogo, kwa sababu wanaoeleza habari za Marian Anderson mara nyingi wanakimbilia siku zake kubwa na kuipita sehemu hii.

Watu wa kanisa lake hawakuwa matajiri. Walikuwa wapishi, wafuaji, wabeba mizigo, watumishi wa nyumba za wazungu. Lakini walipoona kwamba mtoto wao anaimba na hana shule wala mwalimu, mchungaji na viongozi wa mtaa walifungua mfuko kwa ajili yake. Sarafu zikakusanywa kanisani. Konseri ziliandaliwa ili kuongeza mfuko. Kwa pesa hiyo alilipiwa mwalimu wa kuimba, na kwa pesa hiyo aliweza kurudi shule ya sekondari. Alimaliza mwaka 1921, akiwa na miaka 24. Wasichana aliokaa nao darasani walikuwa kama wadogo zake. Wamama wa MUSO na wa likilimba wanaelewa jambo hili kuliko waandishi wa vitabu: pesa ya pamoja ina macho. Ukila pesa ya watu wote, unajua kila Jumapili utakutana nao. Marian alikutana nao kila Jumapili.

Katika miaka hiyo alikwenda kujiandikisha katika shule moja ya muziki mjini. Alipanga mstari pamoja na wengine. Msichana wa dirishani akawahudumia wote, akamruka yeye, na alipobaki peke yake akamwambia kwamba hapa hatupokei watu wa rangi. Marian hakugombana. Alirudi nyumbani akamweleza mama yake. Mama Anna, kwa tabia yake ya utulivu, alimwambia kwamba njia nyingine itapatikana. Si kila mama angejibu hivyo; wengine tungevaa viatu na kwenda kumtafuta yule msichana. Lakini njia ilipatikana kweli. Mwalimu mmoja mwenye jina, Giuseppe Boghetti, alikubali kumsikiliza mwisho wa siku, akiwa amechoka na akisema hataki wanafunzi wapya. Marian aliimba wimbo mmoja wa kiroho wa watu weusi. Boghetti akamchukua, na kanisa likaendelea kulipa.

Msidhani kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1924 aliimba katika Town Hall, ukumbi wa heshima wa New York. Watu waliokuja walikuwa wachache, viti vilikuwa wazi, na magazeti yakaandika vibaya, hasa juu ya nyimbo za Kijerumani alizoziimba bila kuzishika vizuri. Aliumia sana. Kwa miezi kadhaa aliacha kuimba na kufikiri kutafuta kazi nyingine. Nyumbani hawakumsukuma na hawakumcheka. Pole pole alirudi kwenye piano. Mwaka uliofuata aliingia katika shindano la waimbaji lililofanywa na orkestra kubwa ya New York, akapata nafasi ya kwanza kati ya washindani karibu 300, akaimba pamoja na orkestra hiyo.

Mapato yakaanza kueleweka. Alizunguka majimbo ya kusini akiwa na mpiga piano wake, akisafiri katika mabehewa yaliyotengwa kwa weusi na kulala kwa wenyeji, kwa sababu hoteli zilimfungia. Lakini pesa ilifika nyumbani. Siku moja Mama Anna alirudi kutoka kazini akiwa mgonjwa. Marian alishika simu, akamwita msimamizi wa magazini, akamwambia kwamba Mama Anderson hatarudi kazini tena. Miaka mingi baadaye, baada ya kuimba mbele ya wafalme, waandishi walipomuuliza ni saa gani ya maisha yake ilikuwa ya furaha kuliko zote, alitaja hiyo: saa ile alipomwambia mama yake kwamba kazi ya kusugua sakafu imekwisha.

Sasa lugha. Yale maneno ya magazeti juu ya Kijerumani chake hayakumtoka. Alipopata msaada wa masomo alivuka bahari, akakaa Berlin kwa familia ya Kijerumani, akajifunza maneno ya nyimbo zake mpaka akajua anasema nini. Halafu akaenda nchi za kaskazini, Norway, Sweden, Finland, na huko akapokelewa kwa namna ambayo kwao hakuwahi kuipata. Konseri zikafuatana. Jean Sibelius, mtunzi mkubwa wa Finland, alimkaribisha nyumbani kwake. Mwaka 1935, huko Salzburg, kiongozi wa orkestra Arturo Toscanini alisema kwamba sauti ya namna hii husikiwa mara moja katika miaka mia. Maneno hayo yalizunguka dunia.

Tukumbushe pia kwamba kazi hii inachosha mwili. Mwimbaji ni kama mkulima: mvua isipokuja hakuna mavuno. Akipata mafua, mara nyingi hakuna konseri na hakuna malipo. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1935, akiwa kwenye meli akirudi Marekani kuimba tena katika ule ukumbi wa Town Hall uliomwaibisha, Marian alianguka akavunjika kifundo cha mguu. Hakuahirisha. Alivaa gauni refu lililofunika plasta, pazia likafungwa mpaka awe amekwisha kusimama karibu na piano, likafunguliwa, akaimba konseri nzima kwa mguu mmoja. Safari hii magazeti yalisifu.

Mnamo 1937 aliimba Princeton, na hoteli ya mji ikamkatalia chumba. Mtaalamu Albert Einstein, ambaye naye alikuwa mkimbizi kutoka Ujerumani, alimfungulia nyumba yake. Walibaki marafiki.

Ndipo tunafika mwaka 1939. Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, kilitaka kumwandalia konseri, na ukumbi uliofaa kwa wingi wa watu ulikuwa Constitution Hall. Ukumbi huo ulikuwa mali ya shirika la wanawake, Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Walikataa, kwa sababu ya rangi yake. Tunalitaja jambo hili waziwazi kwa kuwa sisi pia ni shirika la wanawake: waliofunga mlango walikuwa wamama, wenye kamati, wenye kitabu cha sheria, wenye mhuri. Na mwanamke mwingine, Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa nchi, aliyekuwa mwanachama wao, aliandika barua akajitoa. Alieleza jambo hilo hadharani, na nchi nzima ikajua.

Konseri ilihamishwa nje, kwenye ngazi za jumba la ukumbusho la rais Abraham Lincoln. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, na baridi ilikuwa kali. Marian alivaa koti la manyoya. Mbele yake walisimama watu 75,000, weusi na weupe bila kutenganishwa, na mamilioni walisikiliza kwa redio. Baadaye alieleza kwamba aliogopa mno, moyo ukaruka, na kwa muda alidhani maneno hayatatoka. Alianza na wimbo wa taifa hilo wa kizalendo, na mahali wimbo unaposema „mimi” yeye akaimba „sisi”. Alikuwa na desturi hiyo hata katika mazungumzo ya kawaida. Watu walipomuuliza sababu, alijibu kwamba kadiri mtu anavyoishi ndivyo anavyoona kwamba hakuna jambo analolifanya peke yake. Mtu aliyelipiwa masomo kwa sarafu za kanisa anajua anachosema.

Wale wanawake wa Constitution Hall walimwalika mwaka 1943 aimbe kwao kwa ajili ya msaada wa vita. Alikwenda, akaimba, bila neno la kulipiza. Kati yetu tulipozungumza juu ya makala hii, wengine walimsifu kwa hilo na wengine walisema wao wasingekwenda. Tumeacha maoni yote mawili yasimame.

Mwaka huohuo wa 1943 aliolewa na Orpheus Fisher, mchora majengo aliyekuwa amemngoja tangu ujana wao. Hawakupata watoto pamoja.

Pamoja na sifa zote hizo, kulikuwa na jambo moja: Marian Anderson hakuwahi kusimama katika opera yenyewe. Aliimba nyimbo za opera katika konseri, lakini Metropolitan Opera ya New York, nyumba kubwa kuliko zote nchini mwake, haikuwa imempa mwimbaji mweusi sehemu hata moja ya mhusika. Mlango ulifunguka tarehe 7 Januari 1955. Alipewa sehemu ya Ulrica, mpiga ramli katika opera ya Giuseppe Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Ni sehemu fupi, ya tendo moja tu. Pazia lilipofunguka na yeye akaonekana akikoroga chungu chake, watu walipiga makofi kwa muda kabla hajatoa sauti. Mama Anna, yule wa kusugua sakafu, alikuwa ndani ya ukumbi.

Alikuwa karibu kutimiza miaka 58. Tusidanganyane: sauti yake ya miaka ya 1930 ilikuwa imepita, na yeye mwenyewe alijua. Wanawake wenye sauti kama yake huingia opera wakiwa na miaka 25 au 30. Kile nyumba ile ilichopoteza kwa kumngojesha, hakuna atakayekisikia. Hapo sisi hatusemi kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo tu. Iliumiza muziki wenyewe.

Lakini waliokuja nyuma yake hawakungoja hivyo. Mwaka 1936, katika mji wa Jackson huko Mississippi, mama mmoja mkunga, aliyezalisha wanawake wa mtaa wake na kuimba kwaya siku ya Jumapili, alimpeleka binti yake wa miaka 9 kumsikiliza Marian Anderson. Binti huyo ni Leontyne Price. Mwaka 1961 aliingia Metropolitan Opera, si kwa sehemu fupi, bali kama mwimbaji mkuu, na makofi ya usiku ule yalidumu zaidi ya dakika 40.

Marian alimaliza safari zake za kuimba mwaka 1965, akafa mwaka 1993 akiwa na miaka 96. Mapema, mwaka 1941, mji wake ulikuwa umempa tuzo ya dola 10,000. Pesa hiyo aliiweka katika mfuko wa kusaidia vijana waimbaji wasio na uwezo.

Na kwetu? Msidhani opera ni ya mbali. Kinshasa kuna orkestra ya Wakimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, pamoja na kwaya yake kubwa. Wengi wao ni watu wenye kazi nyingine mchana, wanaokuja mazoezi jioni kwa miguu au kwa basi. Tena Katanga yetu imemtoa Serge Kakudji, mwanaume mwenye sauti ya juu kama ya mwanamke, aina wanayoita kontratenori, ambaye mwaka 2014 alizunguka Ulaya na wanamuziki wa Kinshasa katika mchezo wa Coup fatal, wakiimba muziki wa zamani wa Ulaya kwa likembe na gitaa.

Basi kwa wamama wenye watoto waimbaji, haya machache. Msiwaache wapige kelele juu ya spika za kanisa mpaka sauti ikauke. Sauti ikikauka, mtoto anyamaze siku mbili tatu, anywe maji. Kijana wa kiume anapobalehe sauti yake inavunjika, msimlazimishe kuimba juu wakati huo. Muulizeni kiongozi wa kwaya kama anajua kusoma noti, na kama anajua, mwambieni amfundishe mtoto kuzisoma, hata saa moja kwa juma baada ya mazoezi. Kifaransa cha shule kinasaidia pia, kwa kuwa opera nyingi ziko katika lugha hiyo. Na kikundi kitakachotaka kufungua mfuko wa mtoto mmoja wa mtaa, kiandike jina lake katika daftari la kikundi, pamoja na kiasi kilichotolewa na nani, na daftari lisomwe mbele ya watu wote kila mwezi.